Upande Unaoongoza

Lahore,
14 Novemba

Kwako Abbaji mpenzi,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Mimi ni mzima, ila moshi unaofunika mji mwezi huu umenibana kifua na sauti imekuwa ya kunguru. Nawaombea wewe na Ammi afya huko Bahawalpur. Goti lake litulie, nawe uwe unapata usingizi. Sohan halwa mliyonitumia imefika. Wenzangu ofisini waliimaliza kabla sijavua shali.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu hunipi nafasi, Abbaji. Nikianza tu unauliza kama nimekula, unanitania kuwa mhandisi wako hajui kupika hata dengu, nacheka, nakata simu na neno lenyewe sijalisema. Barua huwezi kuikatiza.

Nianze na kazi yangu. Wewe huwaambia watu kwamba binti yako anatengeneza vitufe, na kwa kweli ndivyo. Kwa miaka miwili nilishughulikia programu ya kupangia mafaili, ile niliyokuwekea kwenye kompyuta yako kwa mkono wangu. Ina vidirisha viwili ubavu kwa ubavu, na katikati kitufe chenye picha ya mnyororo. Ukikibonyeza, vidirisha vinafungamana: ukifungua folda upande mmoja, upande wa pili unaufuata. Ukibonyeza "Linganisha", upande unaofuata unafanywa sawasawa na unaoongoza, na kila kisichokuwemo kwa kiongozi kinafutwa kwa mfuasi. Mnyororo ule niliuchora mimi, mara thelathini, nikajivuna nao kama bibi harusi na bangili.

Programu hiyo ilianzia kwa watu wanaosoma kutoka kushoto, kwa hiyo kushoto ndiko kulikoongoza. Tulipoigeuza iwe ya Kiurdu, kinachosomwa kutoka kulia, maneno na vitufe vyote vilihamia kulia. Uongozi ukabaki kushoto. Mwanzoni palikuwa na mshale wa kuonyesha nani anamfuata nani. Mimi niliuondoa, kwa sababu ulinichafulia mchoro.

Rubaba, yule dada anayepokea wageni ofisini, ndiye tuliyemkalisha aijaribu. Alibonyeza, akatazama, akaangua kicheko. Akasema, "Weh, Baji, dada yangu, huyu wa kulia si ndiye mkubwa? Mbona anaburutwa na mdogo wake? Nyie vitabu vyenu mnafungulia nyuma, nini?" Mkuu wetu, Tauqir sahib, akamwambia arudi kwenye simu zake, watu watazoea. Kisha akanitazama mimi. Nami nikasema watazoea. Programu ilikuwa itoke Jumatatu na sikutaka kuanza upya.

Hiyo ilikuwa Februari. Machi ukanipigia, sauti imekwisha kabisa. Ulisema ulikaa kulinganisha kamusi yako ya Kisaraiki, nakala mpya kulia, ya zamani ya kwenye flashi kushoto, na ya zamani imeila mpya. Maneno ya miaka miwili ya wafuga ngamia wa Cholistan, uliyoyafuata kwa pikipiki kisima kwa kisima, na wazee wawili kati ya waliokupa wamekwisha kuzikwa. Nilikuja, nikaichimba diski ile siku tatu, nisipate kitu. Ukaniambia, "Nausheen, nimebonyeza kinyume. Kichwa changu kimekwisha, mwanangu." Nikanyamaza.

Hukubonyeza kinyume, Abbaji. Ulifanya alivyofanya Rubaba, na atakavyofanya kila mtu aliyejifunza kusoma kwa herufi zetu. Nililijua kosa hilo mwezi mzima kabla halijakufika. Niliona haya, nikajiambia nitakueleza ukipoa. Hukupoa. Ulianza kujitilia shaka katika kila kitu, na kila siku iliyopita ilizidi kuniwia vigumu kusema.

Na lipo baya zaidi. Ile Mei tulipokwenda kwa daktari Multan, alikuomba utoke kidogo, akaniuliza mimi kama unasahau. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Nikasema ndiyo, siku hizi baba anasahausahau. Nilisema hivyo kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kumweleza mgeni nilichofanya. Dawa unazokunywa kila asubuhi ziliandikwa kwa neno langu hilo. Ammi ananiambia kamusi huigusi, watoto wa jirani huwafundishi tena, na kila baada ya swala unamuuliza umeswali rakaa ngapi. Nikisikia hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu iliyopita nilimweleza Tauqir sahib yote mbele ya wenzangu, na toleo jipya litaongozwa na kulia. Lako ni la zamani, kosa bado limo. Wazee wale siwezi kukurudishia, wala maneno yao. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Najua utadhani nakufariji tu. Basi mkalishe Ammi mbele ya kompyuta na umfungulie vidirisha viwili, kila kimoja na folda isiyo na kitu cha maana. Usimwelekeze. Muulize tu upande upi unaongoza. Huyo ni mwanamke ambaye hajasahau neno hata moja aliloambiwa na Bibi jikoni siku ya pili ya ndoa yenu, na anakukumbusha mpaka leo. Atakuonyesha kulia. Mwache abonyeze, nanyi mtazame wote wawili. Kisha rudini Multan, mkamwambie daktari kwamba binti yenu alimdanganya.

Mpe Ammi salamu zangu na umwambie goti asilikandamize kwenye ngazi. Sitapiga simu, nitangoja unipigie wewe, hata ikiwa ni kwa kunitukana.

Ni mimi binti yako niliyekukosea,
Nausheen