Sindano ya Mama Mkwe

Lambwe

Mjukuu wangu Ochieng,

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Tulikuwa na mazishi mawili, yote ya vijana wa rika lako. Baba yako hajambo, ila hasira yake haijatulia.

Unauliza kama utajuta ukiacha ualimu huko Ntimaru na kuomba nafasi ya kusomea uuguzi, ilhali una shahada tayari. Babu yako naye aliacha ukarani akawa muuguzi. Mwaka wake wa kwanza katika zahanati ya hapa, mama yangu aliletwa akiugua malale. Sindano ilipaswa kudungwa kwenye makalio, na ni babu yako peke yake aliyejua kuidunga. Kwetu, mwanamume hamgusi mama wa mkewe.

"Toka nje, mkwe," mama alimwambia. "Ukiniona uchi, nitawatazamaje watu?"

"Utawatazama ukiwa hai, Mama," alijibu, akafunga mlango.

Mama alifariki. Kaka zangu walisema aliuawa na mwiko, si malale, wakamkataza babu yako kuja mazishini. Tulipokuwa tukimzika mama, yeye alikuwa zahanati akiwadunga wagonjwa wengine. Hakukanyaga tena nyumbani kwa wazazi wangu hadi alipokufa. Nilimsikia akilia mara nyingi, lakini sikumsikia akijuta.

Zaidi ya hayo sina la kukuahidi. Jumapili nitazungumza na baba yako kuhusu baraka unazoomba. Akubali, akatae, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Nyanya yako