Depite Hataki Kuacha Titi

Bibi Adija, nakusalimu wewe na wote wanaokusikiliza redioni, mimi ni mama mjane wa hapa Kanyosha, nauza mboga, na naomba usinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu shida yangu ni ya paka lakini imeninyima usingizi kuliko hata hizi risasi za mlimani. Paka wangu Gahogo mwaka jana alizaa mtoto mmoja tu, dume, tukamwita Depite, yaani mbunge, kwa sababu tangu afumbue macho kazi yake ni kula na kulala, na jirani yangu Astère alishasema atamchukua akifikisha miezi miwili, lakini wiki ile ile watu wakakimbia, Astère naye akaondoka na godoro kichwani, hata kuagana hatukuagana, basi Depite akabaki, na leo ana miezi tisa, kamshinda mama yake ukubwa, na bado ananyonya. Ananyonya, Bibi! Panya anapita mbele yake kama mtu anayekwenda misa, yeye anamtazama tu, mdomo umejaa maziwa.

Ningevumilia, lakini siku sita zilizopita Gahogo kazaa tena, watoto watatu, na Depite anawasukuma kwa miguu, anajilaza juu yao, anamaliza yote, Gahogo amebaki mbavu tu. Na anayemtetea ni mwanangu Loïc, huyu ndiye aliyenibakia, ana miaka ishirini na tisa, anafanya kazi wizarani kule Rohero. Juzi Jumapili nilikuwa namtolea miiba ya mukeke kwenye sahani, maana akitoa mwenyewe samaki anaweza kumkaba, nikamwambia, “Loïc, huyu Depite namutoa.” Akasema, “Apana, maman, umuache, bado mutoto.” Nikamwambia, “Mutoto gani ana sharubu?” Akasema, “Inje kuko vita, maman. Ataenda wapi?” Nikanyamaza, kwa sababu hapo ananiweza.

Sasa naungama kosa langu. Jana nilifanya kama mama yangu alivyofanya kutuachisha sisi, nikachuma umubirizi, yale majani machungu, nikaponda, nikampaka Gahogo chuchu zote. Depite alinusa, akakunja uso, akaendelea kunyonya. Lakini wale wadogo tangu jana jioni wamekataa titi, wanalia tu, na Gahogo kajilamba ule uchungu, sasa anatoa povu mdomoni, na kitoto kimoja miguu imepoa. Bibi, nimewaua? Barua hii nakuachia mwenyewe leo nikipita kumpelekea Loïc chakula chake cha mchana kazini.

Mimi, Mama Loïc.

Jibu la Bibi Adija

Mama Loïc, barua umeiacha mlangoni kwangu ukakataa hata kuketi, eti chakula cha Loïc kinapoa. Nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Nimewaomba watu wa redio wakusomee jibu leo leo, kwa sababu kitoto cha siku sita hakingoji zamu yangu ifike.

Hujawaua. Bado. Acha kulia, pasha maji, yawe ya uvuguvugu, chukua kitambaa umwoshe Gahogo tumbo, sabuni usitie, umwoshe tena na tena, mpaka wewe mwenyewe ukikilamba kitambaa husikii uchungu. Ndiyo, ukilambe! Yeye si alilamba? Aliyepoa miguu mtie kifuani, ndani ya nguo, apate joto kwanza ndipo umrudishe kwa mama yake, mtoto wa baridi hawezi kunyonya. Na Gahogo mpe maji, mpe vidagaa vya ndagala ulivyochemsha bila chumvi, ale mpaka aache mwenyewe. Mwenye kunyonyesha asipokula, anawanywesha damu yake.

Sasa nikugombeze. Wewe mwanamke, umubirizi tunajipaka sisi kwa sababu sisi hatujilambi! Umeona wapi mama wa Kanyosha anajilamba? Paka anaoga kwa ulimi. Umemlisha mama adhabu ya mtoto. Yeye anaumwa, wachanga wamefunga na wala si Ramadhani, na yule mkubwa uliyemlenga kakunja uso, kaendelea. Lakini nisikulaumu sana, katika nchi hii ndivyo tulivyozoea: uchungu unapakwa, wadogo ndio wanaouonja, Depite anabaki na titi lake.

Mama yako alijipaka majani, sawa, lakini kuna la pili alilofanya nawe umelisahau: alikupeleka kwa bibi yako. Mtoto haachi titi analoliona. Wangu saba wote walikwenda hivyo, wakalia siku tatu, ya nne wakaomba ugali. Basi Depite aje kwangu. Nina stoo yenye panya wanaotujua kwa majina. Nitamlowekea ndagala ziwe laini, akisusa asubuhi atazikuta jioni. Hatarudi kwa Gahogo mpaka wale wadogo wawe wanakula wenyewe.

Halafu lile neno la Loïc lililokunyamazisha, kwamba nje kuna vita. Nimelisikia, mama. Katika hao wangu saba, wawili vita imewachukua, na hakuna kitanda nilichoweza kuwaficha chini yake. Ndiyo maana nakwambia usinyamaze tena. Vita ndiyo sababu ya kumwachisha! Siku utakayokimbia na godoro kichwani kama Astère, Depite atanyonya nani njiani? Asiyejua kujitafutia anakufa kabla risasi haijamfikia, na aliyempenda ndiye atakayekuwa amemwua. Uchungu wa kumwachisha ni wa siku tatu. Huo mwingine hauishi, niulize mimi.

Na usimlete wewe. Wewe kaa na huyo uliyemtia kifuani. Amlete Loïc kesho saa ya chakula cha mchana, Depite awe ndani ya kapu lile unalobebea sahani, maana kesho kapu halitakuwa na kazi nyingine. Kwangu kila mtu wa Buyenzi anapajua, aulize kwenye gereji ya Ilyasi. Mwambie asiogope, sitamgombeza. Nitamtandikia mkeka, nitampa mukeke mzima, wa moto.

Miiba atatoa mwenyewe.