Mbweha Aliyetoka Mchana

Mpendwa Mama Keziah, nakuandikia kutoka kambini Kakuma na moyo hautulii, nisaidie upesi, kwa sababu nimebeba siri ya rafiki yangu, nikiitoa nitampoteza na nikiendelea kuificha naogopa nitampoteza vibaya zaidi.

Mimi naitwa Bior, nilikuja hapa kutoka Sudan mwaka wa tisini na mbili, na maisha ya kambi unayajua, ni kungoja tu, kungoja mgao, kungoja habari za nyumbani, mpaka nikajuana na Lomuria, Mturkana anayechunga mbuzi ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, na tulijuana kwa sababu ya mbwa. Ana mbwa wawili, mkubwa ni mwekundu, anaitwa Askari, na siku moja nilisimama kumtazama huyo Askari akimfukuza sungura, Lomuria akanisalimia, "Ejok," kisha akaniuliza kama najua kuwinda, nikasema sijui. Akacheka, akasema, "Kuja nikufunze. Mtu hajui kukimbia atakula maharagwe mpaka azeeke."

Nikafunzwa, Mama. Sungura wa huku halali shimoni, analala chini ya kichaka masikio ameyalaza mgongoni, na akishtuka hakimbii moja kwa moja, anakata kona, kwa hiyo unaachilia mbwa mmoja na wa pili unamshika mpaka sungura ageuke. Siku ya kwanza niliachilia wote pamoja, wakagongana, sungura akaenda zake. Baadaye nikawa mzuri, nikala nyama, nikajisikia mwanamume tena. Najua serikali imekataza kuwinda na najua mimi sina ruhusa ya kutoka kambini, hayo nakiri.

Sasa mbweha walikuwa wanawala wana wa mbuzi wa Lomuria, na mbweha ndiye analala shimoni. Mzungu mmoja aliyetufundisha Kiingereza alitusimulia kwamba kwao wanaingiza mnyama mdogo shimoni ili afukuze aliye ndani, tukaona nguchiro anafanana naye, tukamfuga mmoja, tukamfunga uzi shingoni, tukamtia kwenye shimo na mbwa wakangoja nje. Uzi ulitikisika, halafu ukalegea. Nguchiro hakurudi. Akatoka mbweha, jua likiwa juu kabisa, na hakukimbia, alitembea kama mlevi, akatujia sisi. Askari akamrukia, mbweha akamng'ata puani, Lomuria akaingia kuwaachanisha, naye akang'atwa kiganja, ndipo nikampiga mbweha rungu akafa.

Lomuria alipaka majivu, akanishika bega, akasema, "Apa kwa mama yako hutasema. Nikienda hospitali wataniuliza nimeng'atwa wapi, watanifunga, na mbuzi watabaki na nani?" Nikaapa. Kidonda kikapona, nikashukuru Mungu.

Lakini hiyo ilikuwa kama wiki tatu zilizopita, na tangu jana Askari amebadilika, anatafuna kamba, hamjui hata Lomuria, mate yanamtoka na maji hawezi kumeza, nikadhani amekwamwa na mfupa, hata nikamtia mkono kinywani nitafute, sikupata kitu. Abei, mke wa Lomuria, ana mtoto anayetambaa na Askari amefungwa karibu na mlango. Lomuria anasema ni joto. Mama, nivunje kiapo? Na ukichapisha barua hii, tafadhali badilisha majina.

Bior, Kakuma

MAMA KEZIAH ANAJIBU:

Bior mwanangu, majina nimebadilisha, hata la mbwa.

Barua yako ilinifikia hapa Lodwar asubuhi, mkononi mwa dereva wa lori, na sikumaliza chai. Hicho ni kichaa cha mbwa. Dawa yake ni sindano, nazo hufaa kabla ugonjwa haujaanza. Ukishaanza, daktari hubaki kumshika mgonjwa mkono tu. Ndiyo maana sikungoja gazeti. Nilikimbia misheni nikaomba simu ya upepo, nikamtafuta muuguzi Carol aliye huko kwenu, nikamsomea barua yako neno kwa neno.

Na wewe! Kurasa nzima unalilia kiganja cha Lomuria, na mkono wako mwenyewe je? Uliutia kinywani mwa mbwa mwenye kichaa, mikono ya mwindaji iliyojaa michubuko ya miiba, halafu unaniambia hukupata kitu. Niliposoma hapo nilisimama. Mbwa mwenye kichaa huonekana kama amekwamwa kwa sababu koo limekufa ganzi. Hakuna mfupa. Usitie mkono humo tena maishani mwako.

Umeniuliza kama uvunje kiapo. Kiapo cha kumficha rafiki mpaka afe si kiapo, ni jeneza. Nakuhurumia, maana najua kwa mgeni rafiki mwenyeji ni kitu kikubwa, lakini ulikaa kimya wiki tatu, na hilo nakukemea.

Wewe ulikuwepo Carol alipofika bomani, ila nawaeleza wasomaji wengine, maana najua mnawinda. Lomuria alikataa kutoka. Akamwambia, "Unataka kujua niliwinda wapi." Carol akamjibu, "Mimi natibu mkono. Sijauliza mkono ulikuwa wapi." Bado akakataa. Ndipo Askari akakata kamba. Abei alimnyakua mtoto, akapanda naye juu ya ua wa miiba, miguu ikichuruzika damu, na mbwa akapita chini yao akauma nguzo ya mlango mpaka meno yakavunjika. Afisa wa mifugo aliyekuja na Carol alimpiga risasi pale pale. Lomuria alitazama ile nguzo kwa muda, kisha akaingia kwenye gari bila kuitwa.

Sindano mmeanza, wewe na yeye. Ni nyingi na zinauma. Usiruke hata moja, hata ukijisikia mzima, hata ukiambiwa kuna mgao siku hiyo. Yule mbwa wa pili aangaliwe na watu wa mifugo, asiguswe. Na wewe msomaji, ukiumwa na mnyama yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, osha mpaka uchoke, kisha nenda hospitali. Majivu ni ya jikoni. Mnyama wa porini anayekujia mchana bila woga, mpishe. Na kuwinda uache, Bior. Mashimo usiyoyajua usiyachokoze.

Carol ananiambia Lomuria hasemi nawe, eti umemuuza, na Askari alikuwa mbwa wake tangu akiwa kitoto. Mwache akasirike. Wewe nenda na majani ya chai, keti nje ya ua, umsalimie. Akikufukuza, ondoka bila kujibu, kesho urudi tena. Anayekununia yu hai, mwanangu.