Pipa la Kijani Uani

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mgongo wako unaendeleaje? Mjukuu wako anakuulizia kila siku, lakini hatarudi hapo maadamu maji unayooshea betri yanatiririka uani. Daktari amekuta risasi katika damu yake, madini yale yale ya betri zako.

Pokea dumu la mwani wa kijani tunaouotesha hapa maabara. Umimine katika pipa la maji ya kisima, juani. Maji ya betri yatie chokaa kwanza, ukali uishe, ndipo uyamimine humo. Mwani utainasa risasi.

Mwanao

25 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika kama mpangaji. Kwa hiyo uzeeni nimekuwa mfugaji wa ukoga! Fundi mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Mara ya kwanza nilidharau chokaa, mwani ukafa wote, ukawa mweupe. Nimeanza upya kwa masalio ya dumu. Sasa pipa limekolea kijani. Nakutumia chupa ya maji yake uyapime. Leteni mtoto.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Risasi katika maji ya chupa yako imepungua mno! Nilipiga kelele, maabara nzima ikageuka. Tunakuja mwisho wa mwezi. Msalimie fundi anayecheka.

Mwanao

14 Aprili

Binti yangu,

Sijambo, tena sana. Mwezi wa Machi nilimlimia mjukuu wangu kitalu cha mchicha. Tope la mwani linalotuama chini ya pipa sikulitupa, nimelifanya mbolea. Majani ni mapana kama sahani! Atakula hadi aombe radhi.

Baba yako

17 Aprili

Baba,

Nisamehe, leo sikutanguliza salamu. Simu yako imezimwa kama kawaida, hivyo nampa dereva wa basi barua hii aikimbize. Usiule mchicha huo! Mwani hauimalizi risasi, unaishika tu. Yote iliyotoka majini imo katika tope hilo. Kosa ni langu. Sikukuambia pa kuliweka. Hatuji. Nijibu.

Mwanao

28 Mei

Binti yangu,

Hamjambo? Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa kazini. Mchicha sikuuonja, nilimwekea mjukuu wangu. Nimeung'oa wote, nikachimba udongo wa kitalu mpaka chini kwenye udongo mwekundu, nikaufungia katika madumu yenye vifuniko. Fundi mwenzangu alikuja kucheka, nikampa sepetu. Betri zote zimehamia karakana yake, mbali na nyumba za watu, na pipa limefuatana nazo. Tope lake tunalikausha na kulifungia. Njooni mlichukue ninyi wenye maabara.

Nakutumia udongo wa kila pembe ya ua, uupime. Miezi yote hii nimekusumbua: leteni mtoto, leteni mtoto. Sasa ninasema mimi: usimlete mpaka udongo huu uwe safi. Usipokuwa safi, nitachimba tena.

Akiniulizia, usimdanganye kwamba babu anaumwa. Mwambie babu anafagia.

Baba yako