Phonie yenye haiko katika nyumba yetu

Mama Salomé mupendwa, naomba unipe shauri mbele nipoteze bwana yangu sababu ya mchezo.

Bwana yangu Timothée ni mwalimu wa hesabu hapa Kamina, na mbele ya vita pasteur mugeni mwenye alirudia kwao alimuachia ordinateur moja ya zamani, njo akaanza kutengeneza ndani yake mchezo wa video, si wa kupiga bunduki, hapana, ni wa akili: machine inaficha namba ine, weye unabahatisha zako, nayo inakujibu ngapi ziko mahali pao na ngapi ziko lakini mahali si pao, mpaka unavumbua zote. Lakini tangu vita, mazout ya groupe ya kuwasha umeme haipatikane tena, ordinateur inalala chini ya kikwembe yangu ya kujifunga, na bwana hakuacha, akasema, « Mama Tamar, weye njo utakuwa machine. » Basi kila mchana, mutoto wetu Tamar akisinzia mugongoni, tunafunga mulango, sababu anaogopa walimu wenzake batamucheka, mutu mukubwa anacheza, minyi ninaficha namba kichwani, yeye anapaaza sauti, « Tatu, moja, sita, ine! », minyi ninajibu, « Mbili mahali pao! Moja mahali si pake! », na nikikosea juu ya usingizi anakasirika, anasema machine haichoke.

Sasa jirani yetu mama Amida, mwenye kuuza chumvi na samaki za kukauka, mutu wa Kindu, alinivuta pembeni kwenye maji. « Mama Tamar, nasikia phonie yenu kila mchana. Uniitie Kindu, nijue kama kaka yangu Alfani iko muzima. »

Nikacheka, nikamwambia hatuna phonie wala redio yoyote ya kusemea mbali, ni mchezo tu.

« Mchezo, kwa mulango wa kufungwa? Sema tu unaninyima sababu sisali kwenu. »

Tangu pale hanisalimie, na juzi mwenye kuuza makala ya kupikia ananiuliza phonie yetu inakula batterie ya namna gani. Mama, unajua vile askari banafanya mutu mwenye kuficha phonie, tena Kindu iko mikononi mwa baasi wenye kupigana na serikali. Nimemwambia Timothée tuache, anakataa, na kweli, tangu masomo yalisimama hacheke tena, ila saa ile ya mchezo. Nikimukataza, ninamuzima roho, nikimuachia, batamukamata. Nimechoka, mama. Nifanye nini?

Mama Tamar, Kamina

*

Mama Tamar, mudogo wangu, pole. Mutoto mugongoni na namba ine kichwani, hata ordinateur haiwezi kazi ile.

Lakini mumefanya upumbavu, weye na bwana yako. Hapa kwetu nani anafunga mulango mchana? Bantu bote bako inje banachambua majani ya sombe, ninyi munapaaza namba ndani, kisha munashangaa? Sauti, kimya, namba, kimya: phonie iko vile vile. Mama Amida hakusema uongo. Alikuja na kaka yake moyoni, weye ukacheka. Pale njo mulikosana.

Timothée usimukataze. Mulango ufunguliwe, leo, si kesho. Tandika mukeka inje, na namba muziache kabisa, wakati huu zinaogopesha bantu: mupange mahindi, maharagi, karanga na vipande vya makala, vitu vine kwa mustari, mufunike na kikapo. Mchezo ni ule ule. Namba atazirudisha siku mazout itapatikana. Walimu bakicheka, bacheke. Kicheko haifunge mutu.

Lakini mbele ya kutandika mukeka, uende kwa mama Amida, weye mwenyewe. Usianze kujitetea. Muulize habari ya Alfani, ukae chini, umusikilize mpaka amalize. Halafu umwambie, « Dada, ningekuwa nayo, ningekuitia. Kuja uangalie. » Umuingize mpaka chumbani, afunue kikwembe mwenyewe, aguse ordinateur, atafute chini ya kitanda akitaka. Mwenye kuuza makala ataamini kinywa cha mama Amida kuliko chako.

Kisha mama Amida njo akae mukekani wa kwanza, afiche, Timothée abahatishe. Na bwana yako umwambie mama Salomé amesema: machine nayo, courant ya umeme ikikatika, inanyamaza. Weye ingia ndani na mutoto, mulale. Mulango uuache wazi.