Wajina Wangu wa Shelui

Shelui, Jumamosi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Mnaendeleaje hapo Kintinku? Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa na kusema ni vumbi tu? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimeandika barua kwa sababu simu yako unaiweka spika, nyumba nzima inasikiliza, na haya ni yako na Mama tu.

Uliniambia nisaini mkataba mpya haraka, kazi zenyewe siku hizi hakuna. Baba, hukuusoma. Mwenye zahanati amekata mshahara wetu manesi katikati: nusu tunapewa, nusu inategemea idadi ya wagonjwa tuliowahudumia. Mtoto mzima aliyeletwa kupimwa uzito hahesabiwi. Mjamzito wa kliniki naye hahesabiwi. Na mkataba wenyewe ni wa miezi sita sita. Utaratibu umeshaanza, karatasi tunatakiwa kuisaini Jumatatu. Dada Tabu, nesi mwenzangu aliyenifundisha kazi, alikataa akafungasha. Nimebaki peke yangu.

Unamkumbuka yule mtoto niliyemzalisha wakati wa mvua, mama yake akampa jina langu? Nilivyojidai siku ile! Nilikupigia nikakwambia jina la bibi limefika Shelui, ukacheka mpaka ukakohoa.

Jumanne ya wiki iliyopita mama yake alimleta. Benchi lilijaa madereva wa malori, huyu sindano, yule kidonda, wote wa kuhesabiwa.

"Mama Damari, rudi Alhamisi, leo nimebanwa," nikamwambia.

"Nesi, tangu jana ananyonya kidogo kidogo tu."

"Watoto ndivyo walivyo. Alhamisi."

Nilijibu bila kuinua macho, Baba. Nilichoona ni kadi ya kliniki mkononi mwake, nikajua ni wa mizani. Akambeba, akarudi kwao kwa miguu.

Alhamisi alimleta amelegea, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Alikuwa akiharisha tangu usiku wa Jumanne. Nilihangaika kutafuta mshipa huku nalia. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyewakimbiza hospitali.

Mungu ni mwema, amepona. Jana mama yake alipita kuchukua kadi waliyoisahau. Nikanyoosha mikono, "Njoo, wajina wangu." Mtoto akataka kuja. Mama akamhamishia bega la pili, akasema kwa upole kabisa, "Siku hizi tunamwita Neema, nesi." Hakunigombeza. Heri angenitukana.

Nisiposaini, Jumatatu natoka hata kwenye chumba cha zahanati ninacholala, na ada ya mdogo wangu Esta sijui itatoka wapi. Nikisaini, nitamrudisha mtoto mwingine, najijua. Nimekata tamaa, Baba, nisikufiche.

Nisalimie shangazi anayelea wajukuu, na jirani yetu fundi cherehani. Esta mwambie asome, haya asiyajue. Barua namkabidhi kondakta wa basi la Dodoma. Kesho anageuza, mpe jibu.

Jumatatu wataniambia niandike jina langu pale chini. Jina hilo ni la mama yako, na hapa Shelui sasa nimebaki nalo mimi tu. Niambie kama niliandike.

Mwanao,
Damari