Skii za Theluji ya Ndotoni

Burlington, Vermont
Jumatano jioni

Baba mpendwa,

Ninakuandikia kukuomba jambo moja: Jumamosi hii uje mlimani, uteremke nami mara moja tu kabla sijasimama mbele ya wakubwa wa kampuni. Sababu nitaieleza kwa utaratibu, na ninaomba uisome hadi mwisho kabla ya kumpa Mama barua hii.

Shikamoo, Baba. Natumaini kikohozi kimekuachia kifua, na kwamba goti la Mama limeipokea baridi ya mwaka huu bila manung'uniko mengi. Mimi ni mzima wa mwili. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe huniuliza habari za gari, kisha unamkabidhi Mama.

Kama ujuavyo, tangu nihitimu uhandisi nimekuwa nikiiwania kazi ya kupima skii, hizi mbao zetu za kutelezea thelujini, katika kampuni ya Bwana Pruitt. Tulioitwa tulikuwa wengi. Tumebaki wawili, mimi na kijana mmoja aitwaye Garrick. Mtihani wa mwisho ni huu: kila mmoja achague jozi moja ya skii za mlima mzima, yaani zile ziwezazo kwenda popote, lakini zimfae hasa mteja anayeshinda kwenye njia zilizolainishwa na mashine, akikata kona kwa makali ya chuma. Kisha ateremke nazo Jumamosi saa nne asubuhi kwenye mteremko wa Sexton, wakubwa wakimtazama kutoka chini. Anayebadili chaguo lake hana budi kueleza sababu mbele ya wote.

Wiki iliyopita, mbele ya meza yao, nilichagua jozi pana kuliko zote, milimita mia moja na sita katikati, za kuelea juu ya theluji laini. Nilizungumza vizuri, Baba, ungejivunia. Nilitaja uzito, mkunjo na mbao za ndani. Bwana Pruitt, ambaye ofisi yake imejaa picha zake akiwa amezama hadi kiunoni katika theluji laini ya Utah, aliniitikia kwa kichwa na kusema kwamba hatimaye amepata mtu mwenye macho. Garrick naye akachagua zizo hizo. Wakati huo sikutaka kukumbuka ulivyokuwa ukiwacheka majirani kila Novemba: kwamba watu wa Vermont hununua skii za theluji wanayoiota, kisha huzivaa juu ya barafu wanayoishi nayo.

Jana nilikwenda kuzijaribu. Mvua ilikuwa imenyesha Jumapili, ikaganda. Mashine ikapita juu yake na kuacha mistari kama ya suruali yako ya kodrai, mizuri kuitazama, migumu kama kioo. Kwenye kona ya kwanza nililaza skii ubavu nikangoja makali yashike. Yalichelewa. Yaliposhika, skii zilitetemeka hadi meno yangu yakagongana, zikaachia, nami nikaburutika kwa kiuno kuelekea kwenye miti, nikiikwaruza barafu kwa kucha zilizo ndani ya glavu. Kilichonidaka ni ule wavu wa usalama wa rangi ya machungwa.

Sikuumia popote. Hilo ndilo linalonitisha: sikuwa na jeraha la kulilaumu, na bado sikuweza kuendelea. Niliutazama mteremko niliouteremka tangu utotoni, na miguu ikakataa. Nilivua skii, nikapanda kwa miguu pembeni hadi kileleni, nikashuka kwa kiti cha waya, kile kile kinachowapandisha watu mlimani.

Unajua maana yake, Baba. Viti vyote vinavyopanda vimejaa, anayeshuka ni mmoja, na kila mtu anakupita uso kwa uso. Kijana mmoja alipaza sauti, "Vipi dada, umeacha jiko linawaka?" Bibi mwenye helmeti ya waridi akamkemea, kisha akaniambia kwa huruma iliyoniuma zaidi ya dhihaka, "Usijali mwanangu, mlima hauhami!" Wendell, yule rafiki yako anayeendesha viti, alipunguza mwendo ili nitue vizuri. Aliniuliza kama mzee anajua kuwa niko pale, nami nikamjibu kwamba unajua. "Haya, msalimie," akasema. "Mwambie Sexton leo haina mchezo."

Leo asubuhi nilirudi na jozi nyembamba, milimita themanini na mbili. Zinashika, Baba. Ukizilaza tu, zinaing'ang'ania barafu na kukuzungusha kwa adabu. Na nilipozipeleka kwenye theluji laini iliyobaki pembeni, hazikunizamisha. Hizo ndizo skii za mteja wetu, na Jumamosi nitasema hivyo hata kama Bwana Pruitt ataninunia. Lakini nilizijaribu sehemu ya juu tu, penye mteremko mpole. Nilipofika ukingoni mwa Sexton nilisimama. Nikashuka tena kwa kiti.

Sasa nafika kwenye neno ambalo halijawahi kusemwa mezani petu. Naogopa. Kuikosa kazi naogopa, ndiyo, lakini zaidi naogopa ule ukingo wenyewe, na nyumba yetu, yenye vikombe vyako vya mbio juu ya kabati, sikuwahi kuiona ikiwa na mahali pa kuliweka neno hilo.

Hata hivyo, leo nilipokuwa nimesimama pale, nilijikuta nimeinama nafungua vifungo vya buti na kuvifunga upya. Vilikuwa vimekaza. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe ulisimama palepale kila mara, miaka yote, ukituambia tungoje kwa kuwa buti zako zimelegea. Ulifungua kifungo kimoja kimoja, ukafunga, ukavuta pumzi ndefu, ukateremka kama jiwe lililotupwa. Mama alikuwa akicheka kwamba bingwa mzima hajui kununua buti. Nakuuliza kwa heshima zote, Baba, wala huna haja ya kunijibu kwa maandishi: zilikuwa zimelegea kweli?

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na umwambie aniwekee supu ya njegere, yenye mfupa. Na ukimwona Wendell usinikane. Nimeandika haya ili nilichomwambia kiwe kweli.

Nitakungoja Jumamosi saa mbili asubuhi, juu, ukingoni mwa Sexton. Tutafunga buti zetu pamoja.

Mwanao akupendaye,
Lisette